Nani Analinda Hewa Tunayovuta?

Karibuni akina mama, nyanya, dada na walezi wote wa Bangale, pamoja nanyi mlio Madogo, Bura, Hola, hadi kule Garsen. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Wewe unayesoma kijitabu hiki, tafadhali msomee na jirani asiyejua kusoma, ili faida iwe ya wote.

Mada yetu ya leo ni hewa. Maji machafu unayaona kwenye mtungi. Maziwa yaliyoharibika unayanusa kabla hujayamimina kikombeni. Lakini hewa huichagui. Iliyopo ndiyo utakayovuta, wewe na mtoto wako, mchana na usiku. Tena mtoto mdogo huvuta pumzi mara nyingi zaidi kwa dakika kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado yanakua. Hewa ikiwa chafu, wa kwanza kuumia ni yeye.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hao ni watoto kama hawa tunaowapima uzito kliniki.

Swali letu ni hili: ni kazi ya nani kulinda hewa? Moshi wa mafiga yako uko mikononi mwako. Je, moshi wa takataka zinazochomwa nyuma ya soko? Moshi wa malori barabarani? Moshi wa kiwanda? Ili tujibu vizuri, turudi nyuma tuone watu wengine walifikaje. Historia hii ni ndefu, lakini nitaifupisha, na mwishoni tutarudi hapa kwetu.

MFALME ALIYEKATAZA MOSHI

Mwaka 1306, Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alipiga marufuku kuchoma makaa ya mawe mjini London, kwa sababu moshi wake ulikuwa umewachosha watu. Je, marufuku ilifaulu? La. Kuni zilikuwa zimeadimika na bei yake imepanda, na baridi ya kule haingoji mtu. Watu waliendelea kuchoma makaa kwa sababu hawakupewa kitu kingine cha kupikia wala cha kuota moto.

Shika somo hilo la kwanza, mama. Amri tupu haisafishi hewa. Mtu akikatazwa anachopikia bila kupewa njia nyingine, atapika tu, kwa kujificha.

Ilipita miaka mia sita na zaidi. London ikawa mji mkubwa wa viwanda, na kila nyumba ilikuwa na dohani linalotoa moshi wa makaa ya mawe. Ndipo ikafika tarehe 5 Desemba 1952. Siku hiyo baridi ilikuwa kali na upepo haukuvuma. Moshi ulipanda kidogo, ukakwama juu ya mji kama kifuniko juu ya sufuria. Ukakaa siku tano, hadi tarehe 9. Watu walitembea wakipapasa kuta mchana kweupe.

Wafugaji wenzangu mtaelewa jambo hili: miongoni mwa wa kwanza kuonyesha dalili walikuwa ng'ombe. Wiki hiyo kulikuwa na maonyesho makubwa ya mifugo mjini humo. Ng'ombe wazuri walioletwa kushindania zawadi walianza kuhema kwa shida, na baadhi yao wakafa. Baada ya ng'ombe, zikaja habari za wazee na watoto wachanga.

Maafisa walipohesabu vifo na kulinganisha na wiki za kawaida, walikuta watu wapatao 4,000 wamezidi. Watafiti wa miaka ya baadaye walisema huenda idadi ilifika 12,000, kwa kuwa watu waliendelea kufa miezi iliyofuata, na wakati ule serikali ilisema hao wa baadaye walikufa kwa homa ya mafua.

Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Hewa Safi mwaka 1956. Tofauti na amri ya yule mfalme, sheria hii ilifanya mambo mawili pamoja. Kwanza, ilizipa serikali za mitaa uwezo wa kutangaza mtaa fulani kuwa ni eneo lisiloruhusiwa moshi. Pili, ilitoa fedha za kuwasaidia wenye nyumba kubadilisha meko yao ili watumie nishati isiyo na moshi mwingi. Mwenye nyumba alilipa sehemu ndogo, serikali ikalipa sehemu kubwa. Ndiyo maana safari hii moshi ulipungua, mwaka baada ya mwaka.

HEWA HUPIMWAJE?

Utaniuliza, hewa haionekani, sasa inapimwaje? Hapa pia watu walianza na vitu vya kawaida.

Mfaransa mmoja, Maximilien Ringelmann, alitengeneza kadi mwaka 1888. Kadi hiyo ina viraka kuanzia cheupe, vikiongezeka giza hadi cheusi. Afisa aliinyanyua mbele ya macho, akatazama moshi unaotoka kwenye dohani la kiwanda, akaulinganisha na viraka vile. Moshi ukifanana na kiraka cha giza, mwenye kiwanda alikuwa na maneno ya kujibu. Kadi na macho, basi.

Baadaye, katika miaka ya 1910, Waingereza waliweka faneli kubwa juu ya chupa nje ya majengo. Masizi na vumbi viliangukia humo, na mwisho wa mwezi vikapimwa uzito. Kisha ikaja pampu inayovuta hewa kupitia karatasi nyeupe. Karatasi ikiwa nyeusi, hewa ni chafu, na kadiri weusi unavyozidi ndivyo uchafu ulivyo mwingi. Kuanzia mwaka 1961 Uingereza ilikuwa na mpango wa taifa zima wa kupima namna hii katika vituo vingi, na vingi vilisimamiwa na maafisa wa afya wa serikali za mitaa.

Siku hizi mashine hupima vumbi laini sana liitwalo PM2.5. Chembe yake moja ni nyembamba kiasi kwamba utahitaji kupanga kama thelathini hivi ili zifikie unene wa unywele mmoja. Vumbi kubwa hunaswa na makamasi puani, ukapiga chafya likatoka. Hili laini hupita puani, hupita kooni, likaenda hadi ndani kabisa ya mapafu, na lingine huingia kwenye damu. Mwaka 2021 WHO ilitoa mwongozo kwamba katika siku moja vumbi hili lisizidi maikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Jiko la mafiga ndani ya nyumba iliyofungwa hupita kiwango hicho mara nyingi sana.

Unaweza kujaribu mwenyewe bila mashine. Chukua kitambaa cheupe kilichofuliwa, kikate vipande viwili. Kimoja kitundike jikoni, juu ya pale mtoto anapokaa. Kingine kitundike chini ya mti, mbali na moto na barabara. Baada ya wiki moja viweke pamoja utazame. Hiyo ndiyo karatasi ya Waingereza, sisi tumetumia kitambaa. Kumbuka tu kwamba kitambaa kinaonyesha masizi unayoyaona. Yale usiyoyaona hayaonyeshi.

SHERIA ZETU HAPA KENYA

Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya ni ya mwaka 1921, wakati wa ukoloni. Inazungumzia kero zinazohatarisha afya: choo kinachonuka, maji yaliyotuama, nyumba isiyopitisha hewa, dohani linalotoa moshi wa kudhuru watu. Inampa afisa wa afya uwezo wa kumpa mwenye kero ilani ya kuiondoa kwa muda fulani. Akikaidi, anapelekwa mahakamani. Sheria hii ipo hadi leo, ingawa imebadilishwa mara kadhaa.

Lakini huku kwetu, kwa miaka mingi, afisa wa afya tuliyemjua ni yule wa choo, kisima na bucha. Hewa haikuwa na mwenyewe. Viwanda hatukuwa navyo, na moshi wa jikoni ulihesabiwa kuwa ni mambo ya wanawake.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira. Kutokana na sheria hiyo ikaundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo wengi tunaijua kwa jina la NEMA. Ilianza kazi mwaka 2002.

Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 42 kinasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 70 kinasema mtu akiona haki hiyo inavunjwa anaweza kwenda mahakamani, wala si lazima athibitishe kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Na katika Jedwali la Nne, ambapo kazi za serikali ya kitaifa na za kaunti zimegawanywa, kudhibiti uchafuzi wa hewa kumetajwa waziwazi kuwa kazi ya kaunti. Lile Baraza la Kaunti la zamani lilipokwisha na serikali za kaunti zikaanza mwaka 2013, kazi hiyo ilishuka hadi Tana River. Mama, hapa ndipo penye jibu la swali letu. Hewa sasa ina mwenyewe, na ofisi zake ziko ndani ya kaunti yako.

Mwaka 2014 zikachapishwa Kanuni za Ubora wa Hewa. Zimeweka viwango vya uchafu unaoruhusiwa, na zinakataza kuchoma ovyo takataka, plastiki na matairi. Mwaka 2015 sheria ile ya mazingira ikarekebishwa ili kila kaunti iwe na kamati yake ya mazingira. Na mwaka 2022 ikapitishwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayozitaka kaunti zipange ukusanyaji wa taka, zisiachwe zikarundikana hadi mtu akazitia kiberiti.

Kwa hiyo sheria si haba. Sheria ikilala kabatini haimsaidii mtoto. Huamka pale mtu anapouliza.

MADINI YA RISASI: HADITHI MBILI

Nitakupa hadithi mbili zinazohusu madini ya risasi. Risasi ikiingia katika mwili wa mtoto huathiri ubongo wake. Mtoto huchelewa kujifunza, hupungukiwa damu, na sumu ikizidi hupata degedege.

Hadithi ya kwanza ni ya petroli. Kwa miaka mingi duniani, tangu miaka ya 1920, petroli ilitiwa risasi ili injini ziende vizuri. Moshi wa kila gari ulimwaga risasi hewani. Juni 2001 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegal, zikakubaliana kuiondoa. Kufikia Januari 2006 Kenya na nchi nyingine za eneo hili ziliacha kuuza petroli ya risasi. Mwaka 2021 Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, nayo ikaacha. Kisha mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zikaanza kuuza dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa kila milioni.

Angalia jambo hili. Hakuna mama aliyeweza kuitoa risasi katika petroli kwa bidii yake nyumbani. Angefunga madirisha, angefagia, angeosha mtoto mikono, risasi ingebaki hewani. Yapo mambo ambayo ni serikali peke yake inaweza kuyafanya, na ikiyafanya hulinda watoto wote kwa siku moja, wa tajiri na wa maskini.

Hadithi ya pili ni ya hapa Pwani, Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru. Kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Moshi wake ulishukia nyumba za watu, na maji yake yakapita kijijini. Mwaka 2009 mama mmoja aitwaye Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo. Mtoto wake mchanga akaugua. Alitibiwa magonjwa mengine bila nafuu, hadi damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi.

Omido aliacha kazi. Akawaendea akina mama wa kijiji, na watoto wengine wakapimwa damu, wakakutwa nayo. Alipiga hodi ofisi baada ya ofisi. Walipoandamana, alikamatwa. Hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya kimataifa ya mazingira iitwayo Goldman. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na miongoni mwa walioonekana kuwa na makosa zilikuwemo taasisi za serikali zilizopaswa kuwalinda. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Hesabu mwenyewe: kutoka 2009 hadi 2024 ni miaka kumi na mitano. Haki ilikwenda mwendo wa kobe. Lakini kesi ilisimama kwa sababu kulikuwa na vipimo vya damu na udongo vilivyoandikwa. Kilio peke yake kingesahauliwa.

Huko Uingereza nako mama mwingine alipita njia kama hiyo. Binti yake, Ella Kissi-Debrah, aliishi karibu na barabara kubwa ya London na alikuwa na pumu kali. Alifariki Februari 2013 akiwa na miaka tisa. Mama yake, Rosamund, hakuacha kuuliza kwa nini. Desemba 2020 afisa anayechunguza vifo aliamua kwamba uchafu wa hewa ulichangia kifo cha Ella. Iliwezekana kwa sababu mashine za kupima hewa zilikuwa karibu na nyumba yao, na kumbukumbu zake zilitunzwa.

JIKONI KWA WAFUGAJI

Sasa turudi kwa watu wanaoishi kama sisi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walifanya kazi Laikipia, katika jamii ya wafugaji. Walichagua nyumba 55, wakapima moshi ndani yake na kufuatilia kikohozi na nimonia kwa takriban miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Walikuta kwamba kadiri moshi unavyozidi, ndivyo magonjwa ya njia ya hewa yanavyozidi. Pia waliona moshi wa jikoni hauko sawa saa zote. Hupanda sana wakati wa kuwasha, kupuliza na kuchochea moto. Na wakati huo anayeinama karibu ni mama, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni.

Miaka hiyo hiyo, kati ya 1998 na 2001, shirika la ITDG lilifanya kazi katika nyumba 50, nyingine za Wamaasai huko Kajiado na nyingine magharibi mwa Kenya. Wanawake wenyewe ndio waliochagua la kufanya. Wapo waliopanua madirisha, wapo walioacha nafasi kati ya ukuta na paa, wapo waliotengenezewa dohani pana la bati juu ya jiko. Moshi ulipimwa kabla na baada. Katika nyumba zilizowekwa dohani, ulipungua kwa kiasi kikubwa.

Kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, mafundi wa Kenya walikuwa wameanza kutengeneza jiko la mkaa lenye udongo wa kufinyanga ndani, na chama cha Maendeleo ya Wanawake kikasambaza jiko la kuni lililoitwa kwa jina lake. Majiko haya hula kuni au mkaa kidogo. Hayakumaliza moshi, lakini yalipunguza mzigo wa kuni kichwani.

Na Waganda je? Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere walianzisha kazi iitwayo AirQo. Walitengeneza vifaa vidogo vya kupima hewa vinavyostahimili joto na vumbi letu, wakaviweka juu ya majengo na hata kwenye bodaboda mjini Kampala. Serikali ya mji huo ikaanza kutumia vipimo vyao kupanga kazi yake. Hilo linaonyesha kwamba kupima hewa si jambo la Ulaya peke yake. Kaunti ikiamua, inawezekana.

SASA HAPA BANGALE

Hapa kwetu moshi na vumbi vina milango mitano: jiko la ndani, tanuri la mkaa karibu na makazi, takataka na plastiki zinazochomwa, malori ya barabara ya Garissa, na vumbi la kiangazi. Mitatu ya kwanza tunaweza kuanza nayo sisi wenyewe.

Pikia nje, au katika kibanda kilicho wazi, kila hali ya hewa inaporuhusu. Ukipikia ndani, acha nafasi juu ya ukuta moshi utoke. Kausha kuni, hata ziwe za mathenge. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi. Wakati wa kuwasha na kupuliza moto, mtoto asiwe mgongoni. Mpe nyanya yake au dada yake amshike nje, upande ambao upepo unatoka.

Udi na ubani ni mila zetu, na kufukiza vibuyu vya maziwa ni kazi tuliyorithi. Sikwambii uache. Fanya nje, au mtoto akiwa ametoka. Moshi hauulizi kama umetoka kwenye chetezo au kwenye mafiga.

Tahadhari moja kubwa: usiku wa mvua usiingize jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa mkalala. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi. Familia nzima inaweza kulala isiamke.

Chanjo pia ni ngao. Chanjo ya nimonia ilianza kutolewa Kenya mwaka 2011, na hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Usikose hata moja. Mnyonyeshe maziwa yako peke yake kwa miezi sita ya kwanza.

Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Fungua nguo, tazama kifua kikipanda na kushuka, hesabu dakika moja nzima kwa saa ya simu. Ni pumzi za haraka ikiwa:

Mtoto wa chini ya miezi miwili: 60 au zaidi.
Mtoto wa miezi 2 hadi 11: 50 au zaidi.
Mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5: 40 au zaidi.

Ukipata idadi hizo, mpeleke dispensari siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, usingoje asubuhi. Hata pumzi zikiwa za kawaida, mtoto wa chini ya miezi miwili anayekataa kunyonya au mwenye mwili wa moto au wa baridi aonwe mara moja.

YALE AMBAYO KAUNTI INAPASWA KUFANYA

Mlango wa takataka, wa malori na wa vumbi hauwezi kuufunga peke yako. Hapo unahitaji ofisi. Fanya hivi.

Anza na daftari. Andika tarehe, saa, mahali, kilichochomwa, moshi ulikaa muda gani, na watoto wangapi walikohoa. Usiyejua kuandika, mwambie mtoto wa shule. Daftari la mwezi mmoja lina nguvu kuliko malalamiko ya mwaka.

Mpelekee mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako na afisa wa afya ya umma. Kumbuka, sheria inampa uwezo wa kutoa ilani. Jambo likizidi uwezo wake, liende kwa msimamizi wa wadi na ofisi ya NEMA ya kaunti. Weka nakala ya kila barua.

Kaunti inapoita wananchi kutoa maoni juu ya mipango na bajeti, nenda, wala usiende peke yako. Ombeni mambo yanayohesabika: mahali maalumu pa kutupa taka na gari la kuzizoa, jikoni penye dohani katika kila shule, maji ya kumwagia vumbi wakati barabara inatengenezwa, na kifaa cha kupima hewa hapa Bangale. Na mkisikia amri ya kukataza kuni au mkaa, ulizeni mara moja: tutapewa nini badala yake? Mnakumbuka ya yule mfalme.

Tumeona kwamba hewa husafishwa pale mambo matatu yanapokutana: kuna anayepima, kuna ofisi yenye wajibu, na mwenye nyumba anasaidiwa kubadilika. Ofisi tunayo kwa mujibu wa Katiba. Kupima tunaweza kuanza kwa kitambaa, daftari na kuhesabu pumzi. Msaada tuuombe bila haya, kwa kuwa ni haki yetu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni moshi gani unaotusumbua zaidi, na saa ngapi?
2. Nani kati yetu atatunza daftari mwezi huu?
3. Ni nyumba zipi tatu tunaweza kuzisaidia kufungua nafasi ya moshi kabla ya mvua?
4. Afisa wa afya ya umma akija kikundini, tutamwuliza nini kwanza?

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto na jinsi ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Hadi wakati huo, mtunze mtoto, na ujitunze wewe pia. Kwaherini.